Wakili kalala, mama yangu kaamka hana kesi

Mi nipo Reading huu mwaka wa kumi na moja na kitu kilichonishangaza Uingereza kuliko hata baridi ni barua. Nilipomchukua solisita, yaani wakili wa huku wa kunishughulikia makaratasi ya kununua nyumba, kabla hajagusa chochote akanitumia barua ndefu, na ndani imeandikwa kabisa kwamba ukiona tumekuzembea mlalamikie fulani hapa hapa ofisini, zikipita wiki nane hujaridhika nenda Legal Ombudsman, ofisi ya huku inayopokea malalamiko ya wateja dhidi ya mawakili. Nilicheka peke yangu jikoni. Mtu anakukabidhi fimbo ya kumchapia kabla hajakosea!

Na kweli akazembea. Miezi miwili imeili hazijibiwi, simu inapokelewa na sekretari tu. Nikalalamika, wiki ya sita wakaomba radhi na kunirudishia pauni 300 kwenye ada, na hakuna aliyenuna, tukamaliza kazi na yule yule, siku ya funguo akanipongeza.

Sasa njoo nyumbani. Mama yangu yuko Tanga, ana kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi la wilaya. Wakili tulimpa milioni moja na nusu. Mwanzoni mama alikuwa anaenda kila tarehe, anapanda daladala na mfuko wake wa nailoni wenye karatasi ya mauziano ya 1987, anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kesi inaahirishwa. Wakili akamwambia mama usihangaike na nauli, hizi tarehe ni za kutajwa tu, kesi haisikilizwi, nitaenda mwenyewe. Mimi nikimcheki WhatsApp ananijibu "nipo mahakamani kaka, nitakupigia", baada ya hapo tiki mbili za bluu na kimya.

Siku mama alipopita kuulizia tu, karani akafungua daftari, kidole kikashuka mpaka kwenye jina lake: imefutwa, hakuna aliyehudhuria. Zilikuwa zimepita siku 52. Kuomba irudishwe unapewa siku 30, ukichelewa uombe kwanza kuongezewa muda, na hapo ukijitetea kwamba wakili ndo alizembea, Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Yaani alale yeye, adhabu ule wewe.

Watu wanapenda kusema bongo hakuna sheria. Ipo, Sheria ya Mawakili Sura ya 341, na kuna Kamati ya Mawakili inaongozwa na jaji, inaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha. Ila mi najiuliza, akifutwa kesho shamba linarudi? Huku Uingereza kazi wameigawa. Anayemchunguza solisita kwa maadili ni SRA, mamlaka inayowasimamia masolisita. Legal Ombudsman yeye anakuangalia wewe uliyeumia, anaweza kuamuru ulipwe mpaka pauni 50,000, na ofisi za masolisita lazima ziwe na bima ndo zifanye kazi. Mtaani kwetu sijawahi kumuona hata mmoja aliyelipwa kwa sababu wakili kamlalia kesi, ukitaka fidia unafungua kesi nyingine, na hiyo nayo utatafuta wakili wa kumshtaki wakili mwenzie. Kila la heri.

Sisemi huku ni peponi jamani. Kwa Ombudsman utasubiri mpaka usahau ulilalamikia nini, na tangu 2013 serikali ilipokata msaada wa kisheria kuna watu kibao wanasimama mahakamani wenyewe, hawana hata wakili wa kuwazembea. Na sisi wa nje tuna yetu, hela tunapitisha kwa binamu, binamu anamega, wakili anapata pungufu halafu tunashangaa hapokei simu (wa kwetu alipata yote, risiti ninayo).

Malalamiko nimeshayaandika, kinachotakiwa ni kiapo na sahihi ya mama. Hataki. Anasema baba wa yule wakili alisali safu moja na marehemu baba, sasa kesho kukiwa na msiba ataingiaje pale. Nimembembeleza mpaka vocha ikaisha, mwisho kakubali ila tungoje kidogo kwanza, mwezi ujao wakili anaozesha binti na mama kapewa kadi.