Watoto wa Goma, nyota na taa za barabarani

Ukipendekeza watoto wa shule wa Goma wafundishwe habari za nyota, na jinsi taa za mji zinavyozifunika, mzazi wa Ndosho au Mugunga atakuuliza: taa zipi? Nyumba nyingi huko bado zinategemea tochi ya simu. Mama anayerudi kutoka sokoni saa mbili usiku huharakisha penye giza, na binti yake vilevile. Kumwambia mtoto huyo kwamba mwanga ni uchafu ni kumkosea. Hoja hii ina uzito. Barabara yenye taa ni usalama, na usalama hapa haujawahi kuzidi.

Ila mwanga unaoficha nyota haumsaidii mama huyo. Ni ule unaotupwa juu na taa isiyo na kofia, yaani kifuniko cha kuelekeza mwanga chini. Wakubwa wanakumbuka jinsi wingu juu ya volkano ya Nyiragongo lilivyokuwa jekundu usiku, kabla ya mlipuko wa Mei 2021. Lava yenyewe hatukuiona kutoka mjini, maana ilikuwa chini ndani ya mdomo wa mlima. Mwanga wake ulipanda, ukagonga mvuke na wingu, ukaturudia machoni. Taa za mji hufanya vivyo hivyo.

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nao wanalijua jambo hili. Mwezi ukiwa mpevu wengi hawaingii ziwani, kwa kuwa mbalamwezi imetanda majini kote na taa ya mtumbwi haivuti tena samaki. Nyota hupotea hivyo hivyo: mwanga mkubwa uliotawanyika humeza ule mdogo. Mwalimu akianzia hapo hahitaji darubini wala kitabu.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la ratiba. Masomo huanza Septemba na kuisha mapema Julai, miezi ambayo mingi ni ya mvua. Anga likifunguka Julai na Agosti, shule zimefungwa. Tena nani atawakusanya watoto uwanjani usiku katika mji huu? Wa kwangu nisingemruhusu. Kwa hiyo kazi ifanyikie nyumbani, ndani ya parsele, yaani kiwanja cha nyumba, mzazi akiwapo. Katika kiangazi kifupi cha Januari na Februari, mtoto atafute Kilimia, kile kishada cha nyota, ahesabu nyota zake. Umeme ukikatika, ahesabu tena. Hizo hesabu mbili azipeleke darasani. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini huonekana kwetu ndani ya mwaka mmoja. Paris hawana bahati hiyo.

Je, ni mapema mno kuzungumzia taa? Ramani ya dunia iliyochapishwa 2016 ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawaioni tena Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota angani, kwa sababu ya mwanga wa taa. Ufaransa ilitoa agizo la kuelekeza taa za nje chini mwezi Desemba 2018, miji yake ikiwa imekwisha kujaa taa. Sisi ndiyo kwanza tunasimika nguzo, na kofia huwekwa kwa urahisi kabla taa haijapanda.

Ndiyo maana ningependa somo lianze, nyota kwanza, taa baadaye. Darasa la sita wachore taa zote za avenyu yao, waonyeshe ipi inamulika njia na ipi inamulika dirisha la jirani, tena waonyeshe penye giza panapohitaji taa mpya. Mchoro huo apelekewe shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, kabla nguzo nyingine hazijafika.