Balozi wetu Delhi na mbaazi za Mama

Agosti 2017 nilikuwa nyumbani Nachingwea tukipura mbaazi. Mama alitandaza turubai chini ya mwembe, sisi tukawa tunapiga kwa fimbo, vumbi la maganda linaingia hadi kooni. Msimu mmoja nyuma aliuza kilo kwa zaidi ya shilingi 2,000, na fedha hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye makuti tukaezeka bati. Kwa hiyo mwaka ule alilima mpaka mpakani mwa shamba la jirani. Akaja mnunuzi na mizani yake, akasema India imefunga. Bei aliyotaja ilikuwa mia na hamsini.

India imefunga nini? Hakuna aliyeelewa pale. Tulikula mbaazi za nazi asubuhi na jioni mpaka watoto wakazikataa. Magunia yaliyobaki yalibunguliwa chumbani. Ukiinua moja, unga unamwagika miguuni kama majivu. Mama hakulia. Aliufagia ule unga, akaukusanya kwenye ungo, akawapelekea kuku.

Tangu siku hiyo habari za mabalozi wetu Asia nazisoma kama anavyozisoma mtu mwenye deni.

Niliyoyakuta yaliniuma. Baada ya ukame, wakulima wa India walivuna mbaazi nyingi kupita kiasi, bei yao ikaanguka, wakapiga kelele. Machi 2017 Serikali yao ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi za kutoka nje. Tarehe 5 Agosti ikaweka ukomo: tani 200,000 tu kwa mwaka. Jambo hili halikudondoka kutoka mbinguni. Mtu aliyekaa Delhi, anayepita masokoni na kuongea na wafanyabiashara wa nafaka, angeliona linakuja miezi kadhaa kabla ya sisi kushika fimbo za kupuria.

Na kuna la ng'ambo ya Ruvuma. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda Msumbiji, na huko nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano kwamba India itanunua jamii ya kunde kutoka kwao, kuanzia tani 100,000 hadi kufikia 200,000 kwa mwaka. Wiki hiyohiyo Modi alikuwa Dar es Salaam. Amri ya Agosti ilipotoka, iliziacha nje nchi zenye makubaliano. Udongo ni uleule, Wamakonde na Wayao wako kingo zote mbili, lakini wenzetu walikuwa na karatasi iliyosainiwa na sisi hatukuwa nayo. Simnyooshei mtu kidole. Ninasema karatasi kama hiyo ndiyo kazi ya balozi, kabla ya bendera na gari.

Tumewahi kuwa na watu wa kazi hiyo. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alikuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka uliofuata alipelekwa India, akakaa hadi 1968, kisha Beijing mwaka 1969, akiiwakilisha Tanzania huko Korea Kaskazini pia. Halafu Umoja wa Mataifa, ambako Oktoba 1971 alikuwa mstari wa mbele China ilipopewa kiti chake. Miaka kumi baadaye, alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimpinga kwa kura ya turufu. China nayo ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, mara 16. Ukatibu hakuupata, lakini niambieni ni Mtanzania gani mwingine amewahi kusimamiwa na taifa kubwa namna ile. (Wazee wa hapa kwetu urafiki wa miaka ile waliuona kwa macho: wakufunzi wa Kichina walikuja kuwafundisha wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, pale kambini Farm 17.)

Uzito wa namna hiyo huja kwa kukaa, kujua nani anaamua nini, kukumbukwa. Balozi aliyeanza kuielewa Delhi asipelekwe Ulaya mwaka unaofuata; apande ngazi hukohuko Asia, aende Hanoi, aende Beijing. Korosho ghafi za Tandahimba na Newala wanunuzi wake wakubwa ni Wahindi na Wavietnam, na kiwanda cha kubangua kikisimama Kollam, kusini mwa India, mnada wa Oktoba huku kwetu unanuna. Kabla hajaapishwa, na aletwe huku msimu wa mavuno. Akae kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya mnada, amwone mkulima anavyosubiri bei isomwe. Akishafika kituoni, taarifa zake za soko zifike vijijini kabla ya kupanda.

Mei 2021 India ilifungua tena, na Mama akarudi kwenye mbaazi, ingawa nusu ya shamba sasa anapanda ufuta. Juzi amenipigia simu: "Mwanangu, Wahindi wanasemaje mwaka huu?" Ninataka swali hilo lijibiwe na mtu anayelipwa kulijibu, na jibu limfikie kabla ya mvua za Desemba.