Kiweko cha Barua kwenye Nyumba Isiyo na Barua

Mwenzenu siku hizi nina kiweko cha barua ukutani. Cha manila, rangi ya zambarau, mifuko mitatu na maua pembeni. Ukiingia sebuleni kwangu ndicho kinachokukaribisha, mimi mwenye nyumba nafuatia. Kabla hujanipa pongezi naomba uniulize swali moja tu: hizo barua ziko wapi?

Maana nyumba hii, tangu tuhamie Tabata, haijawahi kupigiwa hodi na tarishi. Barua za watu wa kwetu huishia kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe la kuazima: la kanisani, la kazini kwa shemeji, la shule uliyomaliza ukiwa na nywele. Mwaka 2022 zikaja anwani za makazi, nyumba ikapata namba, mtaa ukawekewa kibao, na postikodi juu. Nikasema haya, sasa zitatiririka. Wapi! Umeme nanunua kwa simu na tokeni inakuja kwa simu. Bili ya maji inakuja kwa meseji, tena usiku wa manane, nadhani wanataka niote. Hata mjomba wa kijijini, ambaye zamani aliandika kurasa mbili za “dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako” ndipo aombe hela kwenye mstari wa mwisho, siku hizi anatuma sauti ya nusu dakika na hela anaianzia mwanzo.

Sasa nani kaleta wazo la kiweko? Mama watoto. Na yeye kaletewa na video. Kuna mwanamke mmoja wa huko nje, kucha ndefu, meza nyeupe, hakuna mtoto anayelia nyuma yake, anasema ni dakika chache tu na vitu vyote unavyo nyumbani. Halafu anaanza kuvitoa: kisu chembamba cha wembe wa kuvunjavunja, ubao maalumu wa kukatia, rula ya chuma, chombo cha kuchora mikunjo, bunduki ya gundi ya moto, utepe wa hariri. Huyo nyumbani kwake ni kiwandani? Mimi nyumbani nina jaba la maji, ndoo, na mkasi mmoja uliokata kila kitu kuanzia nywele za watoto mpaka mapezi ya sato. Mkasi ule ukiupa manila haukati, unatafuna.

“Baba watoto, wewe si fundi? Karatasi itakushinda?”

Hapo ndipo waliponikamata. Mtu anayeshusha injini gereji utamwambiaje kwamba karatasi siyo fani yake? Nikaenda dukani.

Yule dada wa duka la steshenari akaniuliza, “Manila ya gramu ngapi?” Nikamwambia dada yangu, sikuja buchani. Akacheka, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgeni wa jiji: karatasi nyeupe ya kuprinti ni gramu 80, manila laini ya kuandikia mabango ni kama 160, ile ngumu inayosimama yenyewe ni 300. Na hizo gramu ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. Kwenye mita ya mraba zinaingia A4 kumi na sita, kwa hiyo shiti moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu tano. Nikalipiga hesabu kwenye simu palepale kaunta, watu wakisubiri nyuma yangu, maana mimi kwenye mizani siibiwi. Ikatoka sawasawa. Basi nikachukua A4 ngumu za zambarau, zinaingia kwenye mfuko vizuri, nikarudi nyumbani nikijiona mtaalamu.

Sikiliza sasa uonevu. Bahasha ile ndefu, ya barua iliyokunjwa sehemu tatu, ina milimita 220 kwa 110. Mama watoto akasema mfuko uwe na upana wa sentimita 24 ili bahasha isibanwe, ipumue. Sawa, ipumue. Mfuko lazima utoke mbele kidogo, kwa hiyo kila ubavu unahitaji mkunjo wa sentimita moja na nusu. Halafu kila upande unahitaji ulimi wa kupakia gundi, nao sentimita moja na nusu. Jumlisha: 24, na tatu, na tatu. Sentimita 30 kamili. Hesabu nzuri, haina hata desimali.

A4 ina sentimita 29.7.

Milimita tatu! Nilizipima kwa rula ya mtoto, nikazipima kwa tepu ya gereji, milimita tatu hazipo. Nikataka kujua ni nani aliyezila. Kumbe hayo mambo yalipangwa Ujerumani mwaka 1922, kuna bwana anaitwa Walter Porstmann alikaa akatengeneza utaratibu kwamba karatasi ukiikata katikati, nusu yake ibaki na umbo lilelile la mama yake. A3 inazaa A4 mbili, A4 inazaa A5 mbili, hivyohivyo mpaka uchoke. Akili kubwa, sikatai. Lakini milimita 210 kwa 297? Angeweka 200 kwa 300 nani angemkamata? Binti yangu wa kidato cha pili akadakia, “Baba, ni kwa sababu ya kipeuo cha pili cha mbili, uwiano ungeharibika.” Nikamwambia nenda kaoshe vyombo.

Mama watoto akapendekeza tupunguze ulimi wa gundi kidogo. Nikakataa. Mtu hawezi kuanza kupunguza ulimi kwa ajili ya Mjerumani. Nikarudi dukani kuchukua shiti nzima, ile ya A1, karibu sentimita 84 kwa 59.

Shiti ya manila haipandi daladala ikiwa imelala, lazima uiviringishe. Na ukishaiviringisha, ukapanda ukiwa umeikumbatia kwapani, watu wanakutazama kwa jicho lingine kabisa. Konda akaniuliza, “Mzee, bango hilo mnaandamana lini?” Yule mama niliyekaa naye akahamia siti ya mbele bila kuaga. Nilitaka kumweleza kwamba ni kiweko cha barua, nikajisikiliza kwanza ndani ya kichwa, nikanyamaza.

Haya, kukunja. Hili nitawaeleza vizuri kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo kwenye ile video lilipita haraka. Manila ngumu hukunji tu kama shuka. Ukiikunja hivihivi mgongo unapasuka na nyuzi zinachomoza. Kwanza unachukua kalamu ya bik iliyokwisha wino (hiyo ndiyo zana ya kwanza kweli kupatikana nyumbani kwangu, tena lundo), unaweka rula, unapitisha ncha kwa kukandamiza mpaka ubaki mfereji mdogo. Hapo ukikunja inakubali. Pia karatasi ina upande wake. Kiwandani ule uji wa mbao unapita kwenye mashine na nyuzi nyingi zinalala kuelekea kule mashine inakokwenda, kwa hiyo kuna upande unaokunjika kwa hiari na upande unaogoma. Ishike kwa mikono miwili, ipinde taratibu bila kuivunja, halafu igeuze uipinde tena. Utasikia mwenyewe upi umelegea. Mikunjo mirefu uipange huko. Nikamwita mama watoto aje asikie kwa vidole. Akasema, “Wewe kunja tu, wali unaungua.”

Gundi nayo ina kesi yake. Gundi nyeupe ya maji ukiipaka kama unapaka siagi kwenye mkate, nyuzi zinakunywa maji, karatasi inavimba na kujipinda. Inatakiwa filamu nyembamba, unaisambaza kwa kipande cha manila, kisha unagandamiza na kitu kizito mpaka ikauke. Kitu kizito nilichonacho ni kiroba cha sembe. Nikakilaza juu, pande zote sawa, nikaenda kunawa mikono. Kurudi, kiroba hakipo. Kiko jikoni, kimefunguliwa, maji ya ugali yanachemka. Nikauliza, hamkuona kwamba kile kiroba kiko kazini? Wakasema watoto wana njaa. Mfuko wa katikati mpaka leo umetoa kitambi.

Mgongo wa kiweko niliutilia kadibodi ya boksi la sabuni, maana hapa Dar wakati wa masika hewa yenyewe ni mchuzi, na manila peke yake ukutani ingeinama kama mtu anayesujudu. Kwenye ukingo wa mifuko nikachora mawimbi kwa kuzungusha mdomo wa kikombe. Halafu mama watoto akasema bado waridi.

Waridi! Unakata duara, unalikata kwa kuzunguka kuelekea ndani kama ganda la konokono, unabakiza kitovu. Unaanza kusokota kutokea nje, taratibu, ukifika mwisho unaachia kidogo lichanue, unalibandika juu ya kitovu chake. Mikono hii iliyofungua nati za lori ikakaa kibarazani inasokota waridi la zambarau, na vijana wa bodaboda wanapita wanapunguza mwendo. Mmoja akasema, “Mzee, Mungu akutie nguvu.” Alidhani natengeneza shada.

Msumari uliingia ukutani, plasta nayo ikatoka. Tuliache hilo, waridi limeziba.

Kiweko kikakaa kitupu. Kizuri, kitupu. Nikajua sasa tumemaliza. Kumbe nyumba ilikuwa na karatasi, ila zilikuwa zimejificha kwa rehema za Mwenyezi. Juu ya friji, chini ya trei ya vikombe, nyuma ya televisheni, ndani ya sufuria lisilo na mfuniko. Mama watoto akaanza kuzikusanya moja moja na kuzipa makazi.

Mfuko wa juu ukachukua barua za shule. Zamani barua ya shule ilifika, ikapitia mezani, ikamwagikiwa chai, ikafa kifo chake. Sasa inanitazama: kila mzazi alete rimu moja ya karatasi. Rimu ni shiti 500, na kwa kuwa nimeshasoma kwa yule dada, najua ni kilo mbili na nusu. Yaani wanangu wote pamoja wanadai mzigo wa kupimwa bandarini.

Mfuko wa chini umejaa vitu ambavyo siyo barua kwa ushahidi wowote: chaja iliyokufa, dawa ya kikohozi, na waranti ya pasi tuliyoibiwa.

Sasa njoo mfuko wa katikati, ule wenye kitambi. Huo una kadi za michango. Send-ofu, kitchen party, harusi, ubatizo, mahafali, na kadi moja ya bati la kanisa. Enzi za juu ya friji, kadi ilikuwa ikipotea na wewe unasema kwa dhati kabisa, “Jamani, kadi sikuiona,” na watu wanaelewa, kwa sababu kwao pia kuna friji. Leo utasema hukuiona wakati ina mfuko wake, una mawimbi na waridi? Halafu mama watoto ni mtu wa kumbukumbu. Kila bahasha kaiandika kwa mbele, kwa kalamu nyekundu: ahadi kiasi gani, imelipwa, bado. Nyingi ni bado.

Jumapili kaja mweka hazina wa kamati ya harusi ya kijana wa jirani. Nikamwacha sebuleni nikamfuatie soda. Kurudi namkuta amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, anasoma. Mtu mzima, miwani juu ya pua, anapitia bahasha moja baada ya nyingine kama ripoti ya mkaguzi.

“Baba, kumbe kwa wale wa Kimara umeahidi laki moja?”

“Wale ni ukweni.”

“Na sisi tunaokuazima ngazi umetuandikia elfu hamsini.”

“Ngazi mliiomba kwangu, mzee mwenzangu.”

Hakujibu. Akakishika kiweko, akagusa mkunjo, akapapasa waridi. Nikaona uso umebadilika, nikadhani kaguswa. Akauliza kimenunuliwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, mama watoto katokea jikoni amejaa fahari: “Ametengeneza mwenyewe, kwa mikono yake!”

Simu ikatoka, picha ikapigwa, ikaingia kwenye kundi la kamati. Hata soda haijaisha povu majibu yakaanza kumiminika: makofi, mioyo, na mwenyekiti akaandika kwa herufi kubwa kwamba kamati ya mapambo imepata mtu. Wanataka vidogo vidogo vya aina hiyo, kimoja kila meza, vya kutumbukizia bahasha za zawadi, rangi ya dhahabu, na waridi lisikosekane. Meza ni arobaini.

Nikasema sawa, basi kazi hiyo ihesabiwe ndiyo ule mchango wangu, tufute elfu hamsini. Mweka hazina akavua miwani, akaifuta kwa shati.

“Hapana, baba. Hilo ni la kujitolea. Mchango unabaki palepale. Na manila za dhahabu utaanza kununua wewe, tutakurudishia bajeti ikiruhusu.”

Kisha akachukua kalamu nyekundu ya mama watoto, akafuta elfu hamsini kwenye bahasha yetu, akaandika laki moja, akairudisha mfukoni vizuri kabisa, isibanwe.