IST au Forester? Sifa za gari zinapofika kwenye miteremko ya Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Tukuyu aliniletea swali ambalo nimekuwa nikiulizwa kwa namna mbalimbali tangu nianze kuendesha gari langu mwenyewe kati ya Mbeya na Iringa. Akiba yake ilikuwa imetosha kuagiza gari lililotumika kutoka Japani, na mawazo yake yalikuwa yamegawanyika kati ya Toyota IST na Subaru Forester. Alikuwa ameshawauliza wamiliki kadhaa, na kila mmoja alilisifia la kwake. Mwenye IST alimwambia kwamba gari lake linanusa mafuta tu na spea zake hazimsumbui mtu. Mwenye Forester alimwambia kwamba ukishalizoea, hutatamani tena gari jepesi linaloyumba kila semi linapokupita.

Wote wawili walimwambia kweli. Tatizo ni kwamba sifa nyingi za magari tunazozisikia zimezaliwa kwenye barabara za tambarare, hasa Dar es Salaam, kisha zikapanda nasi hadi huku bila mtu kuzipima upya. Mimi naamini kwamba kwa mkazi wa Mbeya, Njombe au Iringa, gari linahukumiwa mlimani, na zaidi ya hapo linahukumiwa likiwa linashuka.

Upande wa magari madogo ndio wenye watu wengi, na si bure. Ukisimama Mwanjelwa au Soweto, hapa Mbeya mjini, kwa robo saa utahesabu IST, Passo, Vitz, Raum na Spacio hadi uchoke. Sababu ya kwanza ni kodi: ushuru wa bidhaa umekuwa ukipangwa kwa ukubwa wa injini, ambapo gari lisilozidi cc 1,000 halitozwi ushuru huo, la kati ya 1,001 na 2,000 hutozwa asilimia 5, na la zaidi ya hapo asilimia 10. Passo yenye injini ya cc 996 haikupendwa kwa sura yake pekee. Juu ya hayo kuna tozo ya uchakavu kwa magari yaliyofikisha miaka minane, nayo huongezeka yanapozidi miaka kumi, kwa hiyo mnunuzi wa gari la zamani huwa tayari amebeba mzigo na hutafuta pa kupunguzia.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni injini yenyewe. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497 iliyomo ndani ya IST ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya Raum, Spacio, Probox na baadhi ya Vitz. Mwendo wa vali na pistoni zake huoanishwa na mnyororo wa taimingi, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya maelfu ya kilomita, na mafundi wameifungua mara nyingi mno kiasi kwamba hata pale Igurusi au Ilula, ukipata hitilafu saa mbili usiku, kuna kijana atakayeijua bila kukisia. Watu husema "spea zipo" kana kwamba ni jambo la maduka tu, wakati kilichopo hasa ni elimu ya mafundi iliyokusanyika juu ya injini moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Anayeishi mbali na mji mkubwa hawezi kuidharau elimu hiyo.

Lakini mwenye IST wa Dar es Salaam na mwenye IST wa Mbeya hawaendeshi gari moja. Mji wa Mbeya upo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, hivyo inapopata hewa pungufu nayo hutoa nguvu pungufu, kwa kadirio la asilimia kumi kwa kila mita 1,000. IST iliyotoka kiwandani na nguvu farasi zipatazo 110 hubaki na kama 90 hapa kwetu, na Passo ya silinda tatu yenye nguvu farasi takriban 70 hushuka chini ya 60. Ukiwa peke yako kati ya Kabwe na Mafiati hutaona tofauti. Ukipakia watu wazima wanne, gunia la viazi na mikungu miwili ya ndizi, ukakamata mlima wa Mporoto kutoka Igawilo kwenda Isyonje, utasikia injini inalia huku gari linatembea kwa hiari yake, na lita uliyodhani itakupeleka kilomita kumi na sita haitakufikisha hapo. Hapo ndipo sifa ya kunusa mafuta inapoanza kupungua, kwa sababu injini ndogo inayolazimishwa kufanya kazi ya injini kubwa hula kama injini kubwa.

Kupanda hata hivyo ni shida ya muda na mafuta tu. Kushuka ni jambo la uhai, na ninashangaa jinsi wamiliki wanavyolizungumzia kwa uchache. Mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, ule wa Inyala, na Kitonga kwa anayeelekea Ruaha Mbuyuni, yote imechukua watu tuliowafahamu. IST za toleo la kwanza, zilizoanza mwaka 2002, zina gia boksi ya otomatiki ya gia nne za kawaida: ukisogeza mkono wa gia hadi namba 2 kabla ya mteremko kuanza, injini inalishika gari na mguu wako unapumzika. Toleo la pili, lililoanza mwaka 2007, nyingi zake zina gia boksi ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Nayo ina nafasi yake ya kuzuia mwendo, lakini madereva wengi niliopanda nao huacha mkono kwenye D kutoka juu hadi chini na kukanyaga breki njia nzima, mpaka harufu ya brekipedi inaingia ndani. Aliyefanya hivyo akifika chini salama husema gari lake lina breki mbovu, akaenda kumsimulia mwenzake, na sifa mbaya ya gari ikawa imezaliwa.

CVT inanigusa mwenyewe. Gari langu la pili lilikuwa nayo, na kwa mwaka mzima nilikuwa shahidi wake mzuri: laini, halishtuki linapobadilisha mwendo, na kwenye barabara ya Mafinga hadi Makambako lilikuwa linateleza tu. Kisha gereji moja ikanibadilishia oili ya gia boksi. Miezi michache baadaye, nikipanda Kitonga nyuma ya msururu wa semi, likaanza kuvuma bila kwenda. Mshale wa mizunguko ya injini ulipanda hadi 4,000 na mwendo ukabaki kilomita 20 kwa saa. Fundi aliyelipokea Iringa alilaza kipande cha katoni chini, akafungua trei ya gia boksi na kumimina oili kwenye dumu lililokatwa. Ilikuwa imekuwa nyeusi na inanuka kama nywele zilizoungua, na zile sumaku ndogo zilizobandikwa ndani ya trei zilikuwa zimevaa manyoya ya chuma. Akachovya kidole, akakisugua, akaniuliza waliweka oili gani. Walikuwa wameweka ile nyekundu ya otomatiki za kawaida, wakati CVT inadai oili yake yenyewe.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba CVT zote ni mbovu, lalamiko ambalo wamiliki wa Nissan X-Trail na Dualis ndio hulitoa zaidi, sikubali lote wala sikatai lote. Ni kweli kwamba mlima mrefu, joto na mzigo huitesa gia boksi hii kuliko ile ya gia nne, na nyingine zimetengenezwa kupunguza nguvu zenyewe oili inapochemka ili zisiungue. Ni kweli pia kwamba nyingi zimeuawa na oili isiyo yake. Lakini mnunuzi wa huku lazima alikabili jambo lililopo: chombo kinachohitaji uangalifu ambao gereji iliyo karibu naye haina, kwake yeye ni chombo dhaifu, hata kama Yokohama kinaitwa imara.

Sasa Forester. Anayeishi Tukuyu anaijua mvua. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na ukungu wa Mporoto unaweza kukaa barabarani hadi saa nne asubuhi. Gari linalopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne muda wote, lenye injini ya silinda zilizolala ubavu na hivyo uzito wake kuwa chini, hushika lami iliyolowa kwa namna ambayo IST ya kawaida haiwezi. Nimeliendesha la rafiki yangu usiku wa mvua kutoka Kiwira hadi Uyole, na nakiri kwamba mabega yangu yalishuka nilipofika kona ambazo kwa kawaida huzipita nimekaza meno. Siwezi kuiita sifa hiyo ni maringo ya wamiliki. Mtu anayebeba watoto wake kila siku kwenye barabara ile ana haki ya kuilipia.

Gharama yake ndiyo haielezwi vizuri. Forester za mwaka 2008 hadi 2010, ambazo ndizo wengi hununua, zina injini ya EJ20 inayotumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni na injini huwa imekwisha. Zilizofuata zenye injini ya FB20 zina mnyororo. Jingine ni matairi. Mfumo wa kuvuta magurudumu yote unataka tairi nne zinazolingana kwa ukubwa na kwa uchakavu, la sivyo magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti na gia boksi huumia kimyakimya. Sisi wengi hununua tairi moja moja, tena za mtumba, kadiri mfuko unavyoruhusu. Desturi hiyo haiidhuru sana IST, lakini kwa Forester ni kujichimbia shimo.

Kuhusu Crown na Mark X nina machache: ni starehe kubwa kwenye lami, injini ya V6 ya lita 2.5 haisikii mlima, lakini zimekaa chini mno kwa anayetoka lami kwenda Kikondo au ndani ya Mufindi, na zinavuta kwa magurudumu ya nyuma kwenye utelezi. Mazda CX-5 ya dizeli inastahili kusemewa vizuri zaidi kuliko inavyosemewa. Wamiliki wa mjini huilalamikia kwa sababu kichujio cha masizi kwenye ekzosi huziba gari likitembea safari fupi fupi za foleni. Safari ya saa tatu kutoka Mbeya kwenda Njombe ndiyo dawa yake, maana masizi huungua injini ikipata moto wa kutosha. Na kwa kuwa ina tabo inayosukumia hewa ndani, mwinuko wetu hauinyang'anyi nguvu kama unavyozinyang'anya injini za kawaida. Toyota Aqua nayo, ambayo ni ya haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme inayochaji betri gari likishuka, inaokoa mafuta sana mjini, ila kwenye mteremko mrefu betri yake hujaa mapema, na kuanzia hapo dereva asiyejua kusogeza mkono hadi B, ili injini ilishike gari, huzitegemea breki zaidi.

Kuna sifa nyingine ambazo kwa haki zingepaswa kuandikwa kwa jina la fundi. Mafundi wengi waliojifunzia pwani wana tabia ya kung'oa themostati, kile kidhibiti cha joto la maji ya injini, ili injini isichemke. Huku, asubuhi ya mwezi wa sita ambapo majani ya Makete yana barafu, injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakula mafuta kupita kiasi, na mmiliki anatangaza kwamba aina ile ya gari ni mlafi. Vivyo hivyo mfuniko wa rejeta: kwa mwinuko wa Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100, na ni shinikizo la mfuniko ndilo linaloyazuia yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea na kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, ikawa imebadilishwa kwa maji ya bomba, gari lililovumilia miaka mitano Kibaha litachemka Kitonga katika safari yake ya kwanza.

Nilimweleza mwalimu haya yote, na ushauri wangu ulikuwa IST ya toleo la kwanza, ikiwezekana zile chache zenye kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu mshahara wake naujua na gereji za Tukuyu nazijua. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza swali moja tu: usiku ule wa mvua nilipotoka Kiwira, kama ningekuwa na wanangu nyuma, ningependa kuwa ndani ya gari lipi. Nilimjibu kweli. Ameagiza Forester, na kabla halijatoka bandarini alikuwa ameshaweka kando fedha ya mkanda wa taimingi na ya tairi nne mpya za aina moja.