Lami au njia za mashambani: Mbeya tukimbie wapi?

Kikundi chetu cha jogingi hapa Uyole kimegawanyika. Siku zote tumekimbia Jumamosi alfajiri pembeni ya barabara kuu, kuelekea mjini na kurudi. Mwezi uliopita wenzetu kadhaa wakapendekeza tuiache lami, tupande daladala ya Tukuyu, tushukie Isyonje au chini yake, tukimbie katikati ya viazi na chai. Nusu ya kikundi wakafurahi, nusu wakakataa katakata. Nimekimbia kote kuwili, na mabishano haya yananigusa, kwa sababu kila upande una hoja nzito ambayo upande wa pili hautaki kuisikiliza.

Hatari ya lami kila mtu anaiona. Hii ndiyo barabara ya mizigo ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kutoka hapo Zambia na Kongo. Saa kumi na moja alfajiri malori yanapita mfululizo, bajaji na bodaboda zinajipenyeza kushoto, na ukingo tunaokimbilia sisi ndio huohuo ambao dereva anaukimbilia mambo yakimharibikia. Kisha kuna moshi. Mji wetu uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho pumzi moja inaingiza oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Kifua kinahema kwa nguvu zaidi, na kinachohemewa ni dizeli.

Hata hivyo wanaoitetea lami si waoga. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikinyesha, udongo wa huku unateleza kama mlenda. Kifundo cha mguu kikiteguka barabarani, bajaji iko hatua tano. Kikiteguka bondeni, unachechemea saa nzima. Akina dada kwenye kikundi walisema jambo ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikiria: njia ambayo Agosti ni peupe, ukiona hadi kilima cha pili, mwezi Machi imefunikwa na mahindi yaliyopita kichwa cha mtu, na aliyejificha mita mbili kutoka kwako humwoni. Kwangu hoja hiyo ina uzito kuliko zote zilizotolewa siku ile.

Hoja ya magoti ndiyo inayorudiwa kuliko zote, kwamba udongo laini unayalinda na lami inayamaliza. Mimi siitegemei. Mwili wenyewe hujirekebisha: mguu hukaza zaidi kwenye ardhi laini na hulegea kidogo kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo tofauti inayolifikia goti ni ndogo kuliko tunavyodhani. Na njia yenye mawe na mizizi ina majeraha yake. Anayependa mashamba ayapende kwa sababu nyingine, nazo zipo tele: utulivu, hewa safi, miinuko ya taratibu inayokulazimisha ujue kupunguza mwendo, na barabara za vumbi za kwenye chai huko Rungwe, au za kwenye misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, ambako unaweza kukimbia muda mrefu bila kusikia honi.

Lakini njia hizo zina wenyewe. Kijijini mtu mzima hakimbii bila sababu. Akikimbia, kuna moto, kuna mwizi, au kuna taarifa ya kifo. Mara ya kwanza nilipopita peke yangu chini ya Isyonje, mzee mmoja aliweka jembe chini, akaja hadi njiani na kuniuliza, "Mwanangu, kuna nini huko utokako?" Nilimjibu kuwa nafanya mazoezi tu. Alinitazama muda, akanipa pole. Yeye alikuwa analima tangu kulipokucha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mzee yule alikuwa anazimaliza kabla ya Jumanne kwisha.

Njia nyembamba ile ndiyo inayopitisha mazao. Mama anashuka na kapu la majani mabichi ya chai mgongoni, anawahi kupimiwa. Kijana wa bodaboda anateremka na lumbesa ya viazi iliyofungwa kwa kamba za mpira, akishika breki muda wote, na hawezi kusimama ghafla kwa ajili yako. Mkimbiaji hana mzigo, hivyo yeye ndiye apishe. Nimeona wenzangu wakipita katikati kwa katikati na mama mwenye kapu akilazimika kukanyaga matuta ya jirani yake. Inaniudhi sana.

Jambo lililonibadilisha kabisa lilitokea tulipokwenda huko kundi zima, watu kama thelathini, tukiimba nyimbo za mchakamchaka. Tulipokata kona, mwanamume mmoja alitoka kwenye migomba ameinua viganja vyote viwili. Nyuma yake kulikuwa na turubai na akina mama wamekaa chini. Ulikuwa msiba. Tulinyamaza, tukavua kofia, tukapita tukitembea. Hakuna aliyetugombeza, lakini aibu ile tulirudi nayo hadi Uyole.

Kwa hiyo mimi nasimama na mashamba, ila si kwa namna tunayokimbia sasa. Kwanza saa. Mwezi Juni na Julai jua la Mbeya linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi, karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi zaidi na saa ya nchi ni moja. Anayeanza saa kumi na moja anakimbia gizani kwa zaidi ya saa moja na nusu. Huko pwani wanawahi alfajiri kulikimbia joto. Sisi tunakimbia joto gani, na baridi hii? Tukianza saa moja na robo, dereva anatuona, akina dada wanaona mbele yao, na mbwa wa kijijini anatuona mapema badala ya kushtuliwa. (Akikung'ata, osha jeraha kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona dalili.)

Ubaya wake ni kwamba anayefungua duka saa moja na nusu hawezi ratiba hiyo katikati ya wiki. Huyo atabaki na lami, na namwomba akimbie upande wa kulia, magari yakimjia usoni, akiwa na nguo inayong'aa.

La pili ni ruhusa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Njia inapitika na wote, sawa, lakini kundi la watu thelathini si mpita njia. Kumwona mwenyekiti mapema kunachukua nusu saa, naye atakwambia wapi pana msiba, wapi wamepulizia dawa kwenye viazi jana, na wapi daraja la miti limeoza. Tugawanyike wanane wanane, bila nyimbo, na kwa wazee tusimame tuwasalimie "mugonile" vizuri, si kupunga mkono huku tukikimbia.

Hilo ndilo nitakaloliweka mezani kwenye kikao chetu kijacho. Mahindi yakivunwa, nitakuwa Isyonje. Yakirudi kupita kichwa cha mtu, nitarudi lamini pamoja na akina dada, upande wa kulia.