Paka shume wa mjini wapelekwe mabandani?

Tangu 2012 Tree House, kituo cha kutunza paka cha Chicago, Marekani, kimekuwa kikiwapeleka paka shume, yaani paka wa mitaani wasiozoea binadamu, kwa watu waliochoshwa na panya. Mashirika mengi ya Marekani hufanya hivyo mashambani: paka asiyekubali kuguswa anapewa banda la farasi au ghala la nyasi, awinde, alishwe. Mwenye shamba anafurahi, kituo kinapata nafasi, na paka anaponea sindano ya kifo.

Hilo la mwisho ni zito, na nalikubali bila kusita. Paka aliyekua bila kushikwa na binadamu katika wiki zake za mwanzo ni nadra sana akubali kufugwa ndani. Akifikishwa kituoni, kwa miaka mingi mwisho wake umekuwa mmoja. Banda linampa njia ya pili.

Lakini kuhama kwenyewe kunamtesa. Paka shume anaishi kwa kulijua eneo lake: maji yako wapi, mbwa anapitia wapi, jiko gani linamwaga mabaki jioni. Ukimfungulia mlango wa mtego kwenye shamba geni, atatimka kurudi kwao, na wengi hupotelea barabarani au kwa koyote, mnyama wa jamii ya mbwamwitu. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii vizuri humhasi kwanza, wakamchanja kichaa cha mbwa, kisha wakamfungia ndani ya banda, kwenye kizimba kikubwa, kwa wiki mbili hadi nne, pamoja na mwenzake wanayejuana. Siku za mwanzo humwoni. Amejibana nyuma ya kisanduku chake, na dalili pekee kwamba yu hai ni bakuli lililokuwa na chakula usiku na asubuhi liko tupu. Chakula kinaletwa saa ileile kila siku mpaka aizoee sauti ya mlishaji. Hata baada ya yote hayo, wapo wanaotoroka.

Kwa sababu hiyo shirika la Alley Cat Allies, linalowatetea paka hawa kitaifa, linashauri kuwahamisha kuwe hatua ya mwisho. Lenyewe linapendelea paka ahasiwe, akatwe ncha ya sikio kama alama, arudishwe alikotoka. Nakubaliana nao. Jirani akilalamika na paka wakaondolewa huku jaa likibaki wazi, paka wengine watahamia.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya ndege. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba paka wa Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa huuawa na paka wasio na mwenyewe. Banda halilipunguzi deni hilo. Linalihamishia mahali ambapo mbayuwayu hujenga viota. Kuhasi kunazuia watoto wa kesho, hakumzuii aliyepo kuwinda leo.

Na je, panya? Panya wadogo wa ghalani, ndiyo. Wale wakubwa, sivyo inavyodhaniwa: watafiti waliotega kamera kwenye kituo cha taka huko Brooklyn waliona panya wawili tu wakiuawa katika siku 79. Tena mfugaji wa kondoo ajue kwamba kinyesi cha paka kwenye malisho kinaweza kubeba vimelea vya Toxoplasma, vinavyosababisha kondoo kuharibu mimba.

Kwangu, jengo linapobomolewa na paka hana pa kurudi, apelekwe shambani, mbali na maeneo ya ndege walio hatarini kutoweka. Kabla ya hapo mwenye shamba aulizwe nani atawalisha akisafiri na nani atamlipa daktari wa mifugo paka akijeruhiwa. Na kituo kirudi kuwatazama baada ya miezi michache. Kwa sasa paka akishakabidhiwa huandikwa kuwa ameokolewa, hata kama alitoroka wiki hiyohiyo.