Tairi la Bodaboda Yako, Lifunge Mwenyewe

Mwaka juzi nilibadilishiwa tairi la nyuma na fundi wa kando ya barabara, hapa Morogoro. Dakika kumi, nikalipa, nikaondoka. Kesho yake jioni, kati ya Dumila na Rudewa, pikipiki ikaanza kucheza mkia nikiwa nimempakia mama mmoja na mtoto wake mgongoni. Tulisimama salama, namshukuru Mungu mpaka leo.

Nilipoichomoa ile tyubu sikukuta msumari wala mwiba. Nilikuta mipasuko miwili midogo inayotazamana, kama alama za meno. Msumari kwa kawaida huacha tundu moja. Mawili yanayotazamana hivyo ni dalili ya tyubu kubanwa, na nadhani ilikuwa kazi ya bisbisi ya fundi: tyubu ilibanwa kwenye ringi wakati wa kufunga tairi, ikavumilia siku moja, kisha ikaachia.

Tangu hapo tairi langu halifungwi na mtu mwingine, na ningependa kila anayebeba abiria ajifunze kazi hii. Fundi ana foleni ya watu wenye haraka. Mimi nyumbani sina anayenisukuma.

Kinachowatisha wengi ni nguvu. Wanamwona fundi anavyotoa jasho, wanadhani lazima uwe na misuli. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya wa chuma ambao hauvutiki hata kidogo, kwa hiyo ukishindana nao utaumiza tyubu au utapinda ringi. Itazame ringi yenyewe: katikati pana mfereji, umeshuka kuliko kingo zake. Ukingo wa tairi ukizama mle upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka. Ukiona umekaza mkono sana, jua kuna sehemu imetoka mferejini.

Tairi jipya naliacha juani kwanza lilainike. Zile tarakimu 4 za ubavuni nakuwa nimeshazisoma dukani kabla ya kulipa: 2324 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira hukakamaa hata ukikaa tu stoo. Kisha natazama mshale wa mwelekeo, napiga msasa kutu ya ringi, nahakikisha utepe unaozunguka ringi kwa ndani umefunika vichwa vyote vya spoku. Tyubu naipaka poda na kuitia upepo kidogo tu, iwe duara, isijikunje.

Kingo za tairi nazipaka povu la sabuni. Ukingo wa kwanza huingia kwa mikono, kisha naweka tyubu ndani. Wa pili naanzia upande ulio mbali na valvu, ule mdomo wa kujazia upepo, ili nimalizie kwenye valvu yenyewe, na kabla ya kipande cha mwisho naisukuma valvu ndani kwa kidole gumba, tyubu ipishe. Chuma cha kufungia tairi nakiingiza juujuu, navuta kidogo kidogo, upana wa vidole viwili. Kijana wangu anapiga magoti upande wa pili kuzuia tairi lisitoke mferejini.

"Baba, huku inapanda!"

Hapo nasimama, tunalikandamiza tena, naendelea. Kipande cha mwisho kinaruka ndani bila kelele.

Upepo ukiingia, kingo hukaa mahali pake kwa mlio: pa! Usiridhike na mlio. Karibu na ringi tairi lina mstari mwembamba unaolizunguka, na lazima uwe umbali uleule kote. Ukizama mahali, toa upepo, ongeza povu, jaza upya. Nati ya valvu usiikaze mpaka kwenye ringi. Tyubu ikihama kidogo, valvu italala upande na utaiona. Ukiikaza nati, valvu itakatika shinani bila kukuonya.

Baada ya kukaza ekseli na kurekebisha cheni na breki, nazunguka mtaa polepole, peke yangu, kabla mtu yeyote hajapanda nyuma.